Mti Uliofika Septemba: Namna ya Kupongeza Wanafunzi, Maadili na Kazi za Mazingira katika Shule ya Msingi

Ndugu Mwenyekiti, maofisa elimu kata, walimu wakuu, walimu wa mazingira na wajumbe wa kamati za shule:

Mada niliyopewa inagusa mambo matatu ambayo shuleni tumezoea kuyapangia ratiba tofauti: mafanikio ya wanafunzi katika masomo, maadili yao, na miradi ya mazingira. Taaluma ina mwalimu wake, nidhamu ina mwalimu wake, mazingira nayo vivyo hivyo. Siku ya mahafali ndipo yote matatu hukutana uwanjani mbele ya wazazi, na hapo ndipo mtoto huona ni lipi kati ya hayo watu wazima wanalithamini kweli. Haangalii dira na dhima iliyobandikwa ofisini. Anaangalia nani ameitwa mbele, ameitwa kwa lipi, na vigelegele vimelia wapi.

Hoja yangu ni moja. Tuzo tunazotoa nyingi ni za tendo la siku moja: alama za mtihani mmoja, mche uliotiwa ardhini asubuhi moja mgeni rasmi akiwepo, mtoto aliyetulia vizuri wiki ya ukaguzi. Napendekeza tuhamishe pongezi zetu ziende kwa kilichotunzwa muda mrefu. Tukifanya hivyo, taaluma, maadili na mazingira havitahitaji sherehe tatu, kwa sababu vyote vitapimwa kwa kipimo kimoja.

Miti

Naanza na miti kwa kuwa hapo jambo linaonekana kwa macho. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 500 hadi 600. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mvua zirudi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa wenzetu wa mikoa yenye masika tarehe hiyo inafaa, maana wana mvua mbele yao. Kwetu, mche uliopandwa siku hiyo unabakiwa na wiki chache tu kabla ya kuanza miezi mirefu ya ukame. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, ndiyo kabisa haifai kupandia huku. Hata hivyo shule zetu hupanda siku hizo hizo, kwa sababu ndizo siku ambazo wageni hufika na picha hupigwa. Tangu kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani ilipozinduliwa mwaka 2017, kupanda miti si jambo geni kwa shule yoyote ya mkoa huu. Kinachotushinda ni Julai, Agosti na Septemba.

Mwarobaini hauhitaji utaalamu mkubwa. Unahitaji shimo la futi 2 kwa futi 2 lililochimbwa Novemba, udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na mche utiwe ardhini mvua za kwanza zikishalowesha ardhi vizuri. Baada ya hapo unahitaji mtu. Mbuzi wakianza kuachiwa baada ya mavuno, mche usiozungushiwa matawi ya miiba haumalizi wiki. Maji nayo yapo kuliko tunavyodhani. Shule yenye vibuyu chirizi nje ya vyoo humwaga maji ya kunawa kila siku, na mtaro wa upana wa kiganja unatosha kuyafikisha kwenye shina. Kama hakuna mtaro, kuna chupa ya plastiki ya lita moja na nusu: unatoboa kifuniko kwa sindano, unakata kitako, unaifukia mdomo ukiwa chini karibu na mizizi, kisha unaijaza kwa juu. Maji yanadondoka polepole chini kabisa, jua haliyapati.

Nimewahi kumtazama msichana wa darasa la nne akijaza chupa ya namna hiyo wakati wa mapumziko, wenzake wakicheza rede pembeni. Alimimina nusu kikombe, akasubiri, akaona maji hayashuki. Akaichomoa chupa, akakizibua kitobo kwa mwiba alioutoa kwenye uzio wa mche wenyewe, akaifukia upya na kuushindilia udongo kwa kisigino, ndipo akamimina maji yaliyobaki. Akaenda kucheza. Hakuna cheti cha kazi ile katika shule yoyote ninayoijua, na mimi naamini ni kazi kubwa kuliko nyingi tunazozipigia makofi.

Ili kazi ya namna hiyo iweze kuonekana, kila shule iwe na daftari la miti. Kila mti upewe namba na darasa linaloutunza. Usipewe jina la mgeni aliyeupanda. Yaandikwe tarehe ya kupandwa, urefu kila mwisho wa muhula, walio zamu, na kwa ule uliokufa, sababu ya kufa kwake. Hili la mwisho nalisisitiza. Klabu ya mazingira inayosimama mbele ya wazazi na kusema, tulipanda miti 40, iko hai 11, mbuzi walikula 15, na 14 ilikauka likizo ya Juni kwa sababu hatukupanga zamu, klabu hiyo inastahili kupongezwa kwa ukweli wake, na mwakani itapanga zamu. Asilimia zikokotolewe na watoto wenyewe kwenye Hisabati.

Tena si lazima kila mradi uanze na mche. Hapa hapa Dodoma, mradi wa Kisiki Hai unaoendeshwa tangu 2018 na LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit umewaonyesha wakulima kwamba visiki vilivyomo shambani bado vina mizizi hai chini. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unaweka alama, unalinda. Mti huo hauombi maji ya ndoo, kwa kuwa mizizi yake imeshafika kwenye unyevu. Shule nyingi zina maeneo makubwa yenye visiki vya namna hiyo, na watoto wanavipita kila siku wakienda kuchota maji ya kumwagilia miche. Nadhani tumevisahau kwa sababu havina siku ya uzinduzi.

Kabla sijaondoka kwenye miti, kuna jambo linaniuma na lazima nilitaje. Mchelewaji anatumwa kumwagilia maua. Aliyepiga kelele anapewa ufagio. Aliyekosa kazi ya nyumbani anakwenda kusafisha choo. Tukishaifanya kazi ya mazingira kuwa adhabu siku zote za juma, hatuwezi kuigeuza kuwa heshima siku ya sherehe, kwani mtoto ameshajua inapewa nani. Naomba shule zitakazokubali mapendekezo haya zianze kwa kulikomesha hili. Kumwagilia iwe zamu ya kila mmoja, viranja wakiwemo, na walimu pia.

Maadili

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeyaweka maadili na mazingira kwenye majina yenyewe ya masomo: Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira. Ni hatua njema. Lakini maadili tumekuwa tukiyapima miaka mingi, na ninyi mnajua tunavyoyapima. Kwenye ripoti ya mwanafunzi kuna sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, uaminifu, usafi. Ripoti mia moja zinasubiri, kesho shule inafungwa, mwalimu anaandika B kutoka juu hadi chini. Simlaumu, hana kumbukumbu yoyote ya kumwongoza. Kitabu cha zamu kingeweza kumsaidia, ila humo tumezoea kuandika makosa tu: nani kachelewa, nani kapigana, nani hakuchomekea.

Kitabu hicho hicho kitumike kuandika mema, na yaandikwe kama yalivyotokea. Fulani ameokota shilingi 500 akaileta ofisini. Fulani anamsomea mwenzake asiyeona vizuri ubaoni, na hili ni la wiki ya tatu sasa. Ijumaa mstarini yasomwe mawili au matatu. Mwisho wa mwaka tuzo itajwe kwa tendo lenyewe. Tuzo ya "mwanafunzi mwenye nidhamu" ikitolewa bila kutaja alichofanya, mara nyingi huenda kwa mtoto mkimya, na ukimya si uadilifu. Wakati mwingine ni woga. Tuangalie pia tusije tukawapa wasichana tuzo za usafi na wavulana tuzo za uongozi mwaka hadi mwaka.

Masomo

Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Ngazi ya taifa imelegeza, lakini ukutani kwetu bado tunabandika majina kutoka wa kwanza hadi wa mia na ishirini. Yule wa mia na ishirini ana umri wa miaka tisa na anapita hapo kila siku. Sisemi wa kwanza asipewe zawadi. Kazi yake ni halali yake. Nasema awepo pia mtoto ambaye Januari hakujua kusoma na Novemba anasimama kusoma aya nzima kwa sauti mama yake akimsikia. Kumpata mtoto huyo kunahitaji mwalimu awe ameweka kumbukumbu ya mwanzo, na tunarudi pale pale kwenye daftari na muda.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya dhidi ya kuuacha mtihani utawale kila kitu shuleni, na akataka shule iwe jumuiya inayofanya kazi. Mashamba ya shule tuliyarithi. Onyo hilo tumelishika kidogo mno.

Siku yenyewe

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na mahafali huwa kabla yake kidogo au baada yake. Kwa hali yetu ya hewa ndicho kiini cha kiangazi. Mti ulio hai Septemba umefaulu. Basi hapo ndipo pa kuhesabu: wazazi watembezwe kwenye miti na wanafunzi wenye daftari mkononi, kabla ya risala na kabla ya chakula.

Na ngonjera zetu zibadilike. Tuko katika mkoa wa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa Dodoma na kuikuza ngonjera kuwa sanaa ya mabishano, ambamo upande mmoja unauliza na mwingine unajibu mpaka wafikie ukweli. Leo tunaitumia kumsifu mgeni rasmi na kumwomba madawati. Watoto watunge ngonjera ambamo mmoja anadai kupanda miti ni kupoteza muda na mwenzake anamjibu kwa takwimu za daftari lao. Wazazi watasikiliza, kwa kuwa mbuzi watakaotajwa humo ni wa kwao.

Juu ya gharama nitasema jambo moja tu: pasiwe na mchango utakaomfanya mzazi asiye na uwezo amzuie mtoto wake kuja.

Mnajua pia kwamba mwaka 2027, kwa kuwa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Mahafali hayo yatakuwa na wahitimu karibu mara mbili, na orodha za "kumi bora" zitawaacha watoto wengi zaidi wamekaa tu. Utaratibu mpya ungefaa uwe umeshazoeleka kabla ya hapo.

Kazi ya vikundi

Tugawanyike kwa kata. Kila kundi lichore ukurasa mmoja wa daftari la miti linaloweza kujazwa na mtoto wa darasa la tatu bila msaada. Liandike tuzo tano ambazo shule zake zitatoa kwenye mahafali yajayo, na mbele ya kila tuzo lioneshe kumbukumbu itakayotumika na nani ataiweka. Likubaliane tarehe ya Novemba ya kuchimba mashimo. Walimu wakuu wataje pia adhabu itakayochukua nafasi ya kumwagilia maua, isiwe fimbo. Tuna saa moja kabla ya chakula cha mchana.