Uvumbuzi bila feza ya serikali ni maneno tu



Mutu asituambie kama Kongo haina wavumbuzi. Dawa ya Ebola yenye jina mAb114 ilitoka wapi? Ilitoka ku damu ya mutu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Profesa Muyembe na INRB waliitafuta pamoja na watafiti wa Marekani. Tangu 2018 ilijaribiwa hapa kwetu, Beni na Butembo. Kati ya wagonjwa waliopewa ZMapp, karibu 50 kwa 100 walikufa. Kwa mAb114, 35 kwa 100. Wauguzi wetu walisimama kando ya vitanda huku risasi zinalia.

Lakini leseni ya kuiuza iko na kampuni ya Marekani. Damu yetu, wagonjwa wetu, jasho letu. Feza kubwa ya inje.

Tuangalie tena Panzi, Bukavu, tangu 1999. Mama aliyebakwa anapata pahali pamoja munganga, mutu wa kumusikiliza, mwanasheria na njia ya kuanza maisha upya. Huo ni uvumbuzi, na dunia inakuja kujifunza. Lakini unasimama sana juu ya wafadhili. Mufadhili akiondoka asubuhi, mugonjwa atalala wapi usiku?

Mwaka 2001, ku Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi angalau 15 kwa 100 ya bajeti kwa afya. Inchi yetu haijafika pale. Na bajeti ya karatasi haiponyeshe mutu: kupiga kura ni kitu kimoja, kutoa feza ni kingine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

Moja: bajeti iwe na mustari wake wa uvumbuzi wa hospitali, na raia waone kilichotoka kweli.

Mbili: hospitali za majimbo zipate umeme wa jua, oksijeni, na fundi anayelipwa kila mwezi. Mashine bila fundi ni kabati tu.

Tatu: wachukue vijana. Kati yetu kuna wahandisi, wauguzi, watu wa kompyuta. Diplome iko ukutani, sisi tuko ku kiti. Hatuombe sadaka, tunaomba kazi.

Kabla ya bajeti inayokuja, kila mumoja wetu amuulize mubunge wake: uliipigia kura hospitali ngapi, na ngapi ziliona ile feza? Jibu lake tuliandike, tulitangaze.

Tuko pamoja.