Kumtoa Paa Katika Kalibu



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya kazi mliyonikabidhi. Mnamjua paa wa mpingo aliyechongwa na marehemu babu, yule aliyelala ameinua shingo. Yeye ni mmoja tu, nasi tumetawanyika Muscat, London na Toronto. Mliniagiza nimtolee nakala za plasta, kila nyumba ipate wake.

Nilimpaka utomvu wa mpira, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, hata ikawa kalibu ya kuvulika kama soksi. Kwa nje niliizungushia ganda gumu la vipande viwili, isipinde. Nikaigeuza kichwa chini, nikamimina vikombe viwili vya unga wa plasta vilivyochanganywa na kikombe kimoja cha maji, huku nikiminyaminya pembe ili hewa itoke.

Nakiri mbele yenu kwamba paa watatu wa kwanza niliwavunja, wawili shingo na mmoja pembe. Plasta inapoganda hupata joto na kuwa ngumu, nami nikadhani imekwisha kukomaa. Kumbe ingali na maji mengi, na plasta mbichi ni dhaifu sana kuliko iliyokauka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Wa nne nilimngoja. Joto lilipanda, likashuka, nikamwacha mpaka akapoa kabisa. Niliondoa ganda, nikaupaka mpira maji ya sabuni kwa nje, ili uteleze unapojikunja. Nikaanza kwenye kitako, nikauvua kidogo kidogo, mkono mmoja ukiishikilia shingo. Nilipofika kwenye pembe na masikio niliuvuta mpira kwa kufuata urefu wake, wala si kwa upande. Akatoka mzima. Nikamwacha siku kadhaa akauke kabla ya kumgusa tena.

Leo wako tisa mezani, mmoja kwa kila nyumba. Paa wa mpingo anarudi kwa shangazi mkubwa. Kalibu nimeiosha na kuihifadhi gizani, kwa kuwa mwanga na mafuta huuharibu mpira. Hata hivyo haitadumu milele, wala mimi. Naomba vijana wawili wajitokeze kabla hatujaagana, niwafundishe.