Mgonjwa Yupi Kwanza?

Fungueni ukurasa huu, na mwenzenu anayesoma upesi asiwakimbize wengine. Leo tutazungumza habari za mwuguzi mwenye kazi nyingi na mikono miwili tu.

Tuseme ni saa 2 usiku, katika wodi ya wanawake ya kituo kidogo cha afya. Yupo mwuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Kitanda cha kwanza yupo bibi kizee. Shuka lake limelowa naye anaona haya kusema. Cha pili yupo mama aliyejifungua magharibi; amelala kimya. Cha tatu yupo mwanamke aliyevunjika mguu. Amefungwa plasta leo mchana, na kilio chake kinasikika mpaka barabarani. Cha nne yupo mtoto wa miaka 3 mwenye kikohozi, na saa yake ya dawa imefika. Je, wewe ungeanza na nani?

Wengi wetu tungemkimbilia yule anayelia. Ndivyo masikio yanavyotutuma. Lakini mwuguzi aliyefundishwa kazi hupita kwanza kitanda kwa kitanda, upesi, akitazama. Anajiuliza mambo matatu. Huyu anapumua vizuri? Anatokwa na damu? Akiitwa, anaitika?

Anapofika kwa yule mama aliyelala kimya, anafunua shuka. Nguo zimelowa damu. Mkono wake ni wa baridi, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Basi ule haukuwa usingizi wa raha. Damu nyingi baada ya kuzaa yaweza kumwua mama kwa muda wa saa chache tu. Huyu ndiye wa kwanza, wala mwuguzi haondoki hapo. Anasugua tumbo chini ya kitovu ili mji wa mimba ukaze, na huku anamwita mhudumu.

Na hao wengine je? Hapa ndipo penye ugumu, maana kugawa kazi si kuitupa kazi. Mhudumu anatumwa kwanza kumwita daktari, tena kwa mbio. Binti wa yule bibi kizee yupo hapo. Yeye aweza kubadili shuka na kumwosha mama yake, tena pengine bibi atapenda zaidi kuoshwa na mwanawe. Dawa ya mtoto ni jambo jingine. Kuipima na kuitoa ni kazi ya mwuguzi mwenyewe, haachiwi mhudumu wala jamaa, hata kama chupa iko mezani na kijiko kiko karibu. Dawa ile yaweza kungoja kidogo. Pumzi haiwezi kungoja.

Kwa hiyo mhudumu akirudi anaambiwa hivi: “Kaa na mtoto huyu. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima, ukitazama saa. Zikifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, niite mara moja. Haya, nieleze nilivyokuagiza.” Mhudumu anayarudia maneno yale. Linganisheni agizo hilo na lile tulilolizoea: “Mwangalie-angalie mtoto yule.” Aangalie nini? Mpaka lini? Akiona kitu, afanye nini? Mtu akiagizwa hivyo akakosea, mimi simlaumu yeye, namwuliza aliyemwagiza.

Wala msidhani yule anayelia amesahauliwa. Mhudumu anatumwa pia akaguse vidole vya mguu wake na kumwambia avichezeshe. Vidole vikiwa vya baridi au vimekufa ganzi, au maumivu yakizidi ingawa amepewa dawa, huenda mguu unabanwa ndani ya plasta, na ukiachwa waweza kuharibika kabisa. Hapo atapanda kuwa wa pili, na daktari akifika lazima aambiwe habari zake. Foleni ya wagonjwa hubadilika usiku kucha. Na daktari akishashika kazi kwa yule mama, mwuguzi atakwenda kujionea mwenyewe yale aliyoyagawa, kwa sababu dhamana bado ni yake.

Desturi hii ni ya zamani. Dominique Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Ufaransa wakati wa Napoleon, alitaka aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, awe askari wa kawaida au mkubwa wa jeshi.

Sasa ninyi mnaokaa kwenye benchi la zahanati. Mtu aliyekuja nyuma yako akiitwa mbele yako, usinung’unike kabla hujajua hali yake. Lakini kama mtoto wako hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepatwa na degedege, au umemwamsha haamki, usingoje zamu yako. Simama, mwendee mwuguzi, useme wazi: “Dada, mwanangu hanyonyi tangu asubuhi.” Maneno machache kama hayo yanatosha. Mwuguzi hawezi kuona kila aliyefunikwa na khanga.

Kazi ya leo: andikeni katika madaftari dalili hizo nne, kila moja katika mstari wake, kisha msomeane wawili wawili. Nyumbani, mpeni mtu kazi moja ya kumtunza mgonjwa au mtoto, na mwambieni ayarudie maagizo yenu. Kipindi kijacho mtatueleza aliyarudia namna gani.