Kimemo, Undugu na Nafasi ya Chuo cha Udaktari

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za sekondari na watumishi wa umma)



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya elimu ya juu nilikusudia kuanza na sera na kumalizia na takwimu. Lakini yuko mzee mmoja ambaye hanitoki akilini, na afadhali nianze naye. Ni mkulima wa pamba wa kwetu, na kwa hesabu za ukoo ni baba yangu mdogo. Miaka kadhaa iliyopita, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, alinifuata ofisini Dar es Salaam baada ya safari ndefu ya basi, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake ilikuwamo nakala ya matokeo ya Kidato cha Sita ya binti yake: Fizikia, Kemia na Baiolojia, na yote mazuri. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unaandika gazeti la Chama na wakubwa unawajua. Niandikie kimemo mtoto aingie udaktari."

Nilimwuliza kama mtoto amekwisha kupeleka maombi. Alinitazama kwa mshangao. Ataombaje kabla hajapata mtu? Majuma matatu mazima alikuwa akimtafuta huyo mtu: kwanza diwani, kisha shemeji yake aliyepata kuwa karani wa wilaya, na mwishowe mimi. Tulipochunguza habari za udahili jioni ile tulikuta awamu ya kwanza ya maombi imekwisha kufungwa.

Sasa, ndugu zangu, tulitazame suala hili bila kuoneana haya. Je, undugu humsaidia mtu kupata nafasi katika chuo cha udaktari?

Yafaa kwanza tutofautishe undugu wa kimemo na undugu wa aina nyingine ambao nitaueleza baadaye. Kuhusu kimemo jibu langu ni kwamba thamani yake ni ndogo mno kuliko wananchi wanavyodhani. Mtahiniwa wa Kidato cha Sita hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani kwa namba, na msahihishaji hajui kama anasoma maandishi ya mtoto wa waziri au ya mtoto wa mvuvi. Matokeo yakitoka, mwombaji hupeleka maombi chuoni kwa kutumia namba hiyohiyo. Toka mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 vyuo vikarudishiwa kazi ya kupokea maombi, lakini majina ya waliochaguliwa hupelekwa kwa Tume yakahakikiwe. Asiye na alama zinazotakiwa katika masomo yale matatu huonekana, na mjomba wake hawezi kumwongezea hata moja. Pamoja na hayo wanaofikia kiwango cha chini ni wengi kuliko viti, kwa hiyo vyuo huwapanga kwa ubora wa alama.

Sisemi kwamba katika nchi hii hakuna simu iliyopata kupigwa. Sisi sote ni watu wazima humu. Ofisi ni watu, na watu wana shangazi na mashemeji. Mwanachama wa Chama hiki huahidi kwamba cheo ni dhamana na kwamba hatakitumia kwa faida yake, na ahadi ya namna hiyo haiwekwi ila pale ambapo kishawishi kinajulikana kuwapo. Lakini aliyepenyezwa bila sifa hana salama. Watumishi mliomo humu mnaukumbuka mwezi wa Aprili 2017: watumishi 9,932 walitajwa katika ripoti ya uhakiki kuwa na vyeti vya kughushi. Baadhi yao walikuwa na miaka mingi kazini. Na kwa mwanafunzi wa udaktari siku hiyo huja mapema zaidi, kwani mtihani wa Anatomia wa mwaka wa kwanza hauulizi mtu ni mtoto wa nani.

Historia yetu wenyewe inalo fundisho hapa. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari 12 tu wazalendo. Chuo cha udaktari kikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili cha leo. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba vijana wasitoke Kidato cha Sita na kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Wafanye kazi kwanza, na waje na pendekezo kutoka mahali pao pa kazi na kutoka katika Chama. Shabaha ilikuwa njema, nayo ni kumpata msomi anayewajua wakulima na wafanyakazi atakaowatumikia. Hata hivyo, na nalisema hili nikiwa mwandishi wa gazeti la Chama, neno la mtu likishakuwa sehemu ya sifa, jamaa za mwombaji watabisha hodi kwa mtu huyo. Utaratibu ule ulilegezwa na hatimaye ukaachwa. Nashuku kwamba imani ya baba yangu mdogo juu ya pendekezo la mkubwa ni masalio ya zama zile, ingawa yeye mwenyewe hajui hivyo.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Allan Bakke, aliyekataliwa mwaka 1973 na tena mwaka 1974 na chuo cha udaktari cha Davis, California. Alilalamikia nafasi 16 kati ya 100 zilizotengwa kwa ajili ya vijana wa makundi ya wachache, wakiwamo Weusi. Nchi nzima ilizizima kwa mabishano juu ya nafasi hizo 16. Kumbe chuoni hapo mkuu wa chuo alikuwa pia na desturi ya kuwaingiza watoto wachache wa watu wenye fedha na vyeo, na juu ya nafasi hizo hakuna aliyekwenda mahakamani. Hata katika vyuo vikuu vyao vya kawaida, ni juzijuzi tu ambapo upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo umeanza kuonewa aibu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliuacha mwaka 2014, na California ilitunga sheria ya kuupiga marufuku hata katika vyuo vikuu vya binafsi mwaka 2024.

Basi tuseme mlango wa kimemo umefungwa kabisa, na kila kiti kinatolewa kwa alama. Je, mtoto wa daktari na mtoto wa mkulima watakuwa sawa? Tuitazame Uswidi, nchi ambayo elimu ya chuo haina ada na kuingia kwake hutegemea zaidi alama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari la Uingereza ulionyesha kwamba kati ya madaktari wa Uswidi waliozaliwa katika miaka ya 1950, 6 katika kila 100 walikuwa na mzazi daktari. Kwa wale waliozaliwa kati ya mwaka 1980 na 1990, idadi hiyo ilifika 20 katika kila 100. Hakuna aliyeandika kimemo, wala hakuna aliyehongwa, na bado udaktari ulizidi kurithiwa.

Huo ndio undugu wa aina ya pili, nao ndio wenye nguvu. Mtoto wa daktari hujua toka Kidato cha Pili kwamba akiacha Fizikia, udaktari ameuaga. Anayo maabara shuleni, na kama haimo, analipiwa masomo ya ziada mjini. Matokeo yanapotoka mwezi wa Julai, nyumbani kwao mwongozo wa Tume umekwisha kusomwa. Wanajua kwamba udaktari hausomwi Muhimbili peke yake, bali na Bugando, na KCMC, na Dodoma, na kwingineko, na kwamba mwenye alama za wastani hafai kurusha mshale mmoja tu. Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anajua kwamba lazima athibitishe kwa namba ya siri inayotumwa katika simu yake, la sivyo nafasi inampotea. Cheti cha kuzaliwa kimekwisha kuhakikiwa RITA kwa ajili ya maombi ya mkopo. Haya yote si rushwa wala si siri. Yameandikwa wazi, na bado kwa mtoto wa mkulima ni kama yameandikwa Kigiriki.

Na katika pengo hilo ndimo anamoingia tapeli. Hupiga simu akijiita ofisa wa chuo, husema nafasi imebaki moja, hutaja kiasi cha fedha. Mzazi anayeamini kwamba pasipo mtu hakuna nafasi, hulipa upesi, tena hushukuru. Mtoto akichaguliwa kwa alama zake mwenyewe, tapeli hudai ni kazi yake. Asipochaguliwa, simu haipatikani. Imani ya kimemo ndiyo mtaji wa mtu huyu.

Ndugu walimu, ninyi ndio jamaa pekee msomi ambaye watoto wengi wa vijijini wanao. Wananchi wa kata wamechanga fedha na nguvu zao kujenga vyumba vya maabara, na baadhi ya vyumba hivyo bado vinangoja vifaa na mwalimu wa Fizikia. Hilo ni deni la Serikali, na sisi waandishi tunapaswa kulidai kwa niaba yao. Lakini mwongozo wa Tume kubandikwa ukutani mwezi wa Julai hauhitaji bajeti. Kumwita mwanafunzi mwenye alama nzuri na mzazi wake, kuketi nao saa moja na kujaza maombi pamoja nao kabla ya awamu ya kwanza kufungwa, kunahitaji mwalimu na simu yenye chaji tu. Nanyi watumishi wa wilaya na kata, mzee anapowajia na bahasha ya kaki, msimwelekeze kwa mkubwa mwingine. Mwambieni tarehe ya mwisho ya maombi.

Mtaniuliza binti yule aliishia wapi. Aliomba katika awamu ya pili, lakini nafasi za udaktari katika vyuo alivyovitaka zilikuwa zimekwisha kujaa. Alipata kozi nyingine ya sayansi, akaisoma, akafaulu, na leo ana kazi. Si haba, ila siyo aliyoitaka. Baba yake ananisalimu vizuri tunapokutana misibani, na hadi leo anaamini kwamba nilimnyima kimemo.