Kabla Kikundi Hakijanunua Boti ya Tanga

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya ufuoni)



Wazazi wangu, ndugu na dada, asanteni kwa kuacha nyavu na mashamba mkaja. Vikundi vingi vimeniuliza: "Tumeweka akiba, petroli ni ghali, tununue boti gani ya tanga?" Kabla sijajibu, nitawasimulia kosa ambalo nami nilishiriki.

Kikundi kimoja cha akina mama kilitaka boti ya kubeba omena kwenda sokoni. Waliipenda moja iliyopakwa rangi mpya, buluu na nyeupe. Nilikuwepo siku hiyo na nikapiga makofi. Safari ya tatu maji yakaingia. Wakatupa magunia ya omena ziwani ili wafike nchi kavu. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe, lakini akiba ya miaka 2 iliisha na kikundi kikavunjika. Chini ya ile rangi mbao zilikuwa zimeoza. Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Sisi tulinunua rangi, hatukununua boti.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, jueni maji yenu. Ziwa letu lote si moja. Mtu wa Dunga, Kendu Bay au Asembo yuko ndani ya ghuba ya Winam. Kina ni kifupi, mawimbi ni mafupi, tena kuna gugumaji. Huyo anahitaji boti nyepesi, inayosukumika watu wakishuka. Anayetoka Mbita kwenda Mfangano yuko kwenye ziwa kubwa. Atafute boti ndefu zaidi, yenye kingo za juu na mkuku imara, yaani ule uti wa mgongo wa boti. Na kama njia yenu inapita chini ya daraja la Mbita lililofunguliwa 2017, ulizeni kwanza kama mlingoti utapita.

Pili, jueni upepo wenu. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu na kutusukuma nje. Mchana jua likichoma, upepo hugeuka na kuturudisha nyumbani. Wazee wetu waliishi kwa ratiba hiyo. Je, kazi ya kikundi inaikubali? Kama mzigo wenu ni lazima ufike saa fulani hata upepo ukilala, tanga peke yake halitatosha. Wekeni makasia, au mtafute boti inayoweza kufungwa injini baadaye.

Tatu, kagueni mbao kabla ya tanga. Tanga bovu hushonwa wiki moja. Mbao bovu huua. Chukueni kisu chembamba, mchome karibu na mkuku na pale mbao zinapokutana. Kikiingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa, rudisheni pesa mfukoni. Tazameni mbavu za ndani, misumari yenye kutu, na pamba iliyozibwa kwenye nafasi. Halafu boti ilale majini usiku mbili. Boti iliyokaa juani huvuja kidogo mwanzoni mpaka mbao zivimbe, hiyo si dhambi. Lakini kama siku ya pili bado mnachota ndoo kwa ndoo, achaneni nayo. Na jameni, nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji!

Nne, bei ya boti si bei yote. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, nanga, kamba, makasia, ndoo ya kuchotea maji, na usajili kwa BMU ya ufuo wenu: vyote viandikwe kwenye hesabu kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi. Kama pesa hazitoshi boti pamoja na jaketi, basi pesa hazijatosha boti.

Wekeni pia mfuko wa matengenezo. Mwaka 1986 mashua ya kale, ya karibu na nyakati za Yesu, ilipatikana kwenye matope ya ziwa la Galilaya. Ina urefu wa zaidi ya mita 8, na imetiwa viraka vya mbao za aina zaidi ya 10. Wenyewe waliitengeneza tena na tena. Hata wavuvi wa Galilaya walijua boti hainunuliwi mara moja tu.

Mwisho, kumbukeni dhoruba nyingi za ziwa hili huzuka usiku kuelekea alfajiri. Boti nzuri haimpi nahodha ruhusa ya kudharau wingu. Kikundi kiwe na kanuni: nahodha akisema leo hatutoki, hakuna mwenyekiti wa kumpinga.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Boti yetu itabeba nini, wapi, na saa ngapi?
2. Nani kati yetu anajua mbao, na tumemuuliza?
3. Nani atalipa boti ikiharibika?

Msinunue kabla ya kuyajibu yote matatu. Mungu awabariki na awarudishe salama ufuoni.