Lugha ya Kisiwa Tambarare katika Nchi ya Milima: Maneno ya Miinuko katika Kiswahili Sanifu



Naomba nianze kwa kuungama kosa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa miongoni mwa wasahihishaji wa insha za mtihani mmoja. Mtahiniwa aliyeishi nyanda za juu alieleza kijiji chao: mlima mkubwa upande wa mashariki, kilima palipojengwa shule, kisha akaandika, "kamlima kalikokuwa nyuma ya nyumba yetu". Nilipiga mstari mwekundu chini ya *kamlima*, nikaandika pembeni *kilima*, nikakata alama. Kanuni iliniruhusu. Lakini masahihisho yangu yaliacha kijiji kikiwa na vilima viwili visivyotofautishika, ilhali mtoto yule alikuwa na miinuko mitatu na majina matatu.

Tujiulize kanuni ile ilitoka wapi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sababu za uteuzi huo zimekwisha kujadiliwa vya kutosha. Lisilosemwa sana ni kwamba Unguja ni kisiwa tambarare: mahali pake pa juu kabisa, upande wa Masingini, hapafiki mita 150. Lahaja ya kisiwa hicho ndiyo iliyopewa kazi ya kutaja Rungwe, Meru na Kilimanjaro.

Simaanishi kwamba watu wa pwani hawakuwa na maneno ya miinuko. Walikuwa nayo mengi, ila baadhi yalikuwa majini. *Mwamba* kwa mvuvi ni kitu cha kuogopwa chini ya chombo kabla hakijawa jiwe la mlimani. *Fungu* ni mchanga ulioinuka baharini, ukaonekana maji yakitoka na kutoweka yakijaa. Ndiyo asili ya majina kama Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam. Hata *jabali*, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mlima, maana yake ilifinyika lilipofika kwetu: kwa wengi ni mwamba mkubwa, au mtu shupavu. Nafasi ya mlima ilikuwa imekwisha kushikwa na neno la Kibantu.

Na neno hilo lina historia tamu. Pwani ya bara inayotazamana na Unguja na Pemba huitwa Mrima, na wenyeji wake Wamrima. Richard Burton, aliyepita huko katika miaka ya 1850, alilifasiri jina hilo kuwa nchi ya vilima. Mimi nakubaliana naye, kwa kuwa badiliko la /l/ na /r/ ni la kawaida katika lugha zetu, na kwa sababu ya pili isiyohitaji fonolojia: panda ngalawa mbele ya Tanga asubuhi isiyo na mawingu, utazame magharibi. Utaiona Usambara imesimama. Kwa mtu wa kisiwani, bara ilikuwa ndiyo mlima. Huko Kwale, nchini Kenya, kuna mwinuko uitwao Mrima, unaojulikana kwa madini yake. Nasi tunapouita "Mlima Mrima" tunasema "mlima mlima" bila kujua. (Tusiwacheke waandishi wa ramani peke yao. "Mlima Kilimanjaro" ni hivyo hivyo, na sijamsikia mtu akilalamika.)

Hapo ndipo penye fundo. Wanafunzi huniuliza kila mwaka: iweje mlima wa mita 5,895 uitwe *kilima*? Swali hili limewasumbua wengi tangu Rebmann alipouona tarehe 11 Mei 1848 na kutoa habari za theluji yake. Juu ya sehemu ya pili, *-njaro*, nadharia ni nyingi na sina ya kuongeza. Sehemu ya kwanza hainisumbui. Swali linachukulia kwamba *ki-* ni alama ya udogo, nayo si lazima iwe hivyo. Kisiwa si *siwa* dogo. Kichwa, kitanda na kisu havikudogoshwa na mtu. Ngeli ya *ki-/vi-* ina nomino zake za asili, na baadaye ikabebeshwa pia mzigo wa udogoshi, ambao katika lugha nyingi za Kibantu hubebwa na *ka-*. Tazameni majirani. Kwa Wagikuyu *kĩrĩma* ni mlima kamili, na Kirinyaga yenye mita 5,199 huitwa hivyo. Ukitaka kidogo unasema *karĩma*. Wakamba, waliosafiri sana kati ya bara na pwani, husema *kĩima*, wala hawamaanishi kitu duni. Kwa hiyo naona yumkini kwamba *kilima* kilichomo katika jina hilo ni cha zama ambazo neno hilo halikuwa na udogo wowote, au kimeingia kwa vinywa vya watu ambao kwao halikuwa nao.

Kiswahili Sanifu kilipoachana na *ka-*, kilijipunguzia ngazi moja. Naam, tunacho *kijilima*, lakini neno hilo lina harufu ya dharau. *Kiduta* limo kamusini, ingawa nadra kulisikia. *Kichuguu* limebaki kwa mchwa, na *tuta* limetoka kwenye viazi vitamu likahamia barabarani kupunguza mwendo wa magari, safari inayostahili mhadhara wake. Nao waliohitaji jina la eneo lote lililoinuka wakaunda *nyanda za juu*, ambapo *uwanda* ni mahali pa sawa. Kitulo linaikaa vizuri. Miteremko ya Rungwe hailistahili.

Wakati huohuo wasemaji wa bara walirudisha *ka-* wenyewe, bila kamati. Wanasema *kamlima*, *katoto*, *kanyumba*, na *tu-* katika wingi. Tunaita hilo athari ya lugha mama, kana kwamba ni mafua. Itazameni tena sentensi ya mtahiniwa wangu: *kamlima kalikokuwa*. Upatanisho wa ngeli umekamilika, haukukosea hata mofimu moja. Aliyeandika hivyo alikuwa na sarufi, nami niliyemkata alama nilikuwa na orodha.

Ombi langu kwa vijana mnaoandaa tasnifu ni dogo. Mwendapo likizo Lushoto, Mbinga, Tukuyu au Taita, mwulizeni bibi anayepanda shambani kila asubuhi anaitaje kila sehemu ya njia yake akisema Kiswahili: penye mgongo, penye ubavu, pa kuteleza, pa kupumzikia. Yaandikeni maneno hayo jinsi yalivyo, pamoja na viambishi vyake, na msiyasahihishe kabla ya kuyaleta hapa.