Nani Ajiuzulu? Somo la Michigan State kwa Mabaraza ya Vyuo Vikuu



Nimeombwa nizungumzie miito ya kuwataka viongozi wa vyuo vikuu wajiuzulu pale kashfa ya unyanyasaji wa kingono inapolipuka. Mada ni pana, kwa hiyo nimeipunguza. Nitakaa na chuo kimoja cha Marekani, Michigan State University kilichoko East Lansing. Kesi yake iliendeshwa hadharani, na mambo yake mengi yamo kwenye kumbukumbu za mahakama na za magazeti. Zaidi ya hapo, ndani ya mwaka mmoja tu mwito wa kujiuzulu uliitikiwa pale mara mbili, na mara zote mbili chombo kilichowaajiri walioondoka kikabaki mahali pake. Hoja yangu ni kwamba mwito unaomlenga rais wa chuo peke yake huwapa nafuu waliomweka.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Larry Nassar alikuwa daktari wa chuo hicho tangu 1997, na pia daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki. Kwa miaka mingi aliwanyanyasa kingono wasichana na wanawake waliokwenda kwake na maumivu ya mgongo, nyonga au goti, akiwaambia kuwa anachofanya ni tiba. Septemba 2016 gazeti la Indianapolis Star lilichapisha maelezo ya Rachael Denhollander, aliyewahi kuwa mchezaji wa jimnastiki, na mwezi huohuo chuo kikamfukuza daktari. Desemba 2017 mahakama ya shirikisho ilimfunga miaka 60 kwa picha za ngono za watoto. Januari 2018, kabla ya kutoa hukumu katika kesi ya unyanyasaji wenyewe, Jaji Rosemarie Aquilina wa kaunti ya Ingham aliamua kwamba kila mwathirika anayetaka kusema asikilizwe. Waliotarajiwa walikuwa 88. Kikao kilichukua siku saba, na waliozungumza au kusomewa maelezo yao wakafika 156. Nassar alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 40 na 175.

Katika siku hizo saba kuna tukio ambalo naona linafundisha kuliko ripoti nyingi. Msichana wa miaka 15 aliiambia mahakama kuwa kliniki ya chuo ilikuwa bado inamdai mama yake fedha za matibabu, yaani zile ziara ambazo binti alinyanyaswa. Daktari alikwisha fukuzwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma na alikuwa ameshakiri makosa, lakini bili ziliendelea kutoka. Chuo kilipobanwa kikatangaza kuwa waliokuwa wagonjwa wa Nassar hawatadaiwa tena. Sasa tujiulize, bili hiyo aliituma nani? Rais wa chuo hatumi bili. Iliandaliwa na ofisi ya hesabu, kwa utaratibu uleule wa kila siku, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekaa akafikiri: familia hizi sasa tunazitendeaje? Kazi ya kuwaza hivyo ni ya uongozi wote, na hapo ndipo wengi walipokosekana.

Malalamiko ya 2014

Miaka minne kabla ya kesi hiyo, 2014, mhitimu mmoja alikwenda kwenye ofisi ya chuo inayosimamia sheria ya shirikisho dhidi ya ubaguzi wa kijinsia katika elimu, akaeleza alichofanyiwa chumbani kwa daktari. Uchunguzi ulifanyika. Wataalamu walioulizwa kama ile ni tiba au si tiba walikuwa watu wa chuo hichohicho, wenye uhusiano wa kikazi na daktari mwenyewe. Wakajibu kuwa ni tiba. Halafu zikaandikwa ripoti mbili. Aliyopewa mlalamikaji ilimwambia kwamba hakunyanyaswa. Nyingine, iliyobaki kwa wakubwa na kwa daktari, iliongeza wasiwasi kwamba tiba hiyo inaweza kuwaumiza wagonjwa na kukiingiza chuo matatani.

Ndugu zangu, naomba tusiharakishe hapo. Mwenye maumivu alipewa nusu ya karatasi, na waliokuwa na madaraka ya kuzuia madhara wakabaki na karatasi nzima, kisha hawakuzuia. Daktari alirudi kazini kwa masharti: awepo mtu mwingine chumbani kwenye matibabu ya sehemu nyeti, na mguso wa ngozi kwa ngozi upunguzwe kadiri iwezekanavyo. William Strampel, mkuu wa chuo cha tiba ambacho Nassar alikuwa chini yake, hakuhakikisha kuwa masharti hayo yanafuatwa. Mwaka 2019 mahakama ilimtia hatiani kwa kupuuza wajibu wake, pamoja na makosa mengine ya mwenendo wake mwenyewe kwa wanafunzi wa kike, akahukumiwa mwaka mmoja jela.

Na rais wa chuo je? Lou Anna Simon, aliyeshika nafasi hiyo tangu 2005, alisema kwamba mwaka 2014 aliarifiwa kuwa daktari mmoja wa michezo anachunguzwa, akaagiza jambo lishughulikiwe inavyotakiwa, na ripoti yenyewe hakupewa. Nimeyasoma maneno hayo mara kadhaa. Wengi waliyaona kama ujanja. Mimi nayaona ya kutisha zaidi yakiwa ya kweli. Chuo chenye wanafunzi wapatao 50,000 kilijiendesha kwa namna ambayo tuhuma ya daktari kunyanyasa wagonjwa haikumfanya mkuu wake aombe karatasi aisome.

Mwito, na walioukataa

Januari 18, 2018, gazeti la Detroit News liliandika kwamba katika miongo miwili watu wa chuo wasiopungua 14 walikuwa wamefikishiwa habari za mwenendo wa Nassar. Gazeti la wanafunzi, The State News, likamtaka rais ajiuzulu. Wabunge wa jimbo nao wakapaza sauti. Bodi ya Wadhamini ikakutana kwa faragha saa nyingi, na ilipotoka ikasema rais anabaki, ila ikamwomba Mwanasheria Mkuu wa jimbo achunguze. Mjumbe mmoja, Mitch Lyons, alijitenga na wenzake siku iliyofuata na kusema hadharani kuwa inafaa aondoke. Mjumbe mwingine mkongwe, Joel Ferguson, alisema redioni kuwa chuoni kuna mambo mengi zaidi ya hili la Nassar. Baadaye aliomba radhi, lakini wale wasichana waliokuwa wakipanga foleni mahakamani walikwisha sikia.

Jumatano, Januari 24, Baraza la Wawakilishi la Michigan lilipiga kura 96 kwa 11 kutaka rais aondoke. Kisheria kura ile haikuwa na meno, kwani katiba ya Michigan inakiweka chuo mikononi mwa bodi yake. Hukumu ya Nassar ilisomwa mchana, na usiku rais akajiuzulu. Katika barua yake aliandika kwamba misiba ikishaingizwa siasa, lawama haziepukiki, na kwamba ni kawaida hasira hiyo kumwelekea yeye. Ukiisoma, humkuti kiongozi anayesema hili limetokea chini yangu. Unamkuta mtu anayesema nimeandamwa.

Watanzania tuna kipimo chetu cha mambo haya. Miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, wala hakuwepo. Aliona kwamba lililotendwa na walio chini ya wizara yake limemfika, akaondoka na heshima yake, na baadaye taifa likamkabidhi urais. Sitaki kuutia mfano huo chumvi, maana serikali ya wakati ule ilikuwa na mengi ya kujibu. Hata hivyo unaonyesha kwamba anayeondoka mapema huwa amewaambia waathirika neno fulani. Anayeondoka saa chache baada ya hukumu, kura ya wabunge ikiwa imeshapigwa, hawaambii kitu.

Bodi ikampata mrithi ndani ya wiki moja: John Engler, aliyekuwa gavana wa jimbo kuanzia 1991 hadi 2003. Wahadhiri na wanafunzi waliokuwa wakidai kushauriwa hawakusikilizwa. Mwezi uliofuata seneti ya wahadhiri ilipiga kura ya kutokuwa na imani na bodi yenyewe, 61 kwa 4. Kwangu mimi hiyo ndiyo kura muhimu kuliko zote zilizopigwa mwaka ule, kwa sababu ililenga mahali madaraka yalipo. Nayo haikumng'oa mtu. Wadhamini wanane wa chuo kile huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima kwa vipindi vya miaka minane, na kura ya wahadhiri haiwafikii.

Mei 2018 chuo kilikubali kulipa fidia ya dola milioni 500, ambapo milioni 425 zilikuwa za watu 332 waliokwisha fungua madai na zilizobaki za watakaojitokeza. Mwezi uliofuata ikafichuka barua pepe ya Engler inayodai kuwa huenda Denhollander alikuwa akipewa mgawo na mawakili. Manusura wakamtaka ajiuzulu. Hoja ya kumwondoa ikapelekwa mbele ya bodi, ikashindwa kwa kura 6 dhidi ya 2. Januari 2019 akaliambia jopo la wahariri wa Detroit News kuwa baadhi ya manusura wanafurahia kumulikwa na kupewa tuzo. Siku chache baadaye, bodi ikiwa na wajumbe wapya na kura za kumtoa zikiwa tayari, naye akaandika barua ya kuacha kazi.

Kuna watakaosema kwamba mwisho wake sheria ndiyo mwamuzi. Simon alishtakiwa Novemba 2018 kwa kuwadanganya polisi, na Mei 2020 jaji akaifuta kesi kwa ushahidi hafifu. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Haki hiyo ya Simon tuiheshimu. Lakini mahakama iliulizwa kama aliwadanganya wapelelezi, haikuulizwa kama aliongoza vizuri. Swali la pili lilikuwa la bodi, na mwaka 2019 bodi ilimpa mkataba wa kustaafu wa takriban dola milioni 2.45. Mwaka huohuo mdhamini Nancy Schlichting alijiuzulu akilalamika kuwa wenzake wameukwepa uchunguzi huru. Nyaraka zaidi ya 6,000 ambazo Mwanasheria Mkuu alizitaka zilishikiliwa kwa madai ya siri ya wakili na mteja mpaka bodi ilipopiga kura ya kuziachia, Desemba 2023. Aliposoma, Mwanasheria Mkuu akasema hazikuwa na jipya. Manusura walizisubiri miaka yote hiyo.

Sitaki tuamini kuwa sauti ya umma huwa upande wa wanyonge daima. Novemba 2011, wadhamini wa Penn State walipomwondoa rais Graham Spanier na kocha Joe Paterno kwa kashfa ya kocha msaidizi wa zamani Jerry Sandusky, aliyewanyanyasa watoto kingono, wanafunzi waliingia barabarani kumlilia kocha, wakapindua gari la kituo cha televisheni. Lakini mwaka 2018 kule University of Southern California wahadhiri 200 waliandika barua kumtaka rais Max Nikias aondoke siku chache tu baada ya Los Angeles Times kufichua tuhuma za daktari wa wanawake wa chuo hicho. Bodi ilimtetea kwanza, kisha ikakubali aondoke katika wiki hiyohiyo. Wahadhiri waliposimama pamoja na majina yao, mambo yalikwenda mbio.

Mabaraza yetu

Kwetu wadhamini hatuwachagui kwa kura. Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania mwenyekiti wa baraza huteuliwa na Rais wa nchi, kwa hiyo anayetaka kiongozi wa chuo aondoke, macho yake huelekea Ikulu moja kwa moja na baraza husahaulika. Sheria tunayo: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, imeshafanya utafiti kuhusu rushwa hiyo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika hali kama hiyo, mjumbe wa baraza akisema hajui kinachoendelea, namwuliza aliomba ripoti gani, lini.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kwa vikundi vya mchana napendekeza tuache kwanza swali la nani aondoke. Kila chuo kilichowakilishwa hapa kitoe kanuni zake za malalamiko, tuzisome kifungu kwa kifungu. Mlalamikaji anapewa ripoti nzima au kipande? Mtaalamu anayeulizwa anatoka wapi, na nani amemteua? Daktari au mhadhiri akirudishwa kazini kwa masharti, jina la anayeyasimamia limeandikwa? Na baraza lilijadili malalamiko ya aina hii katika kikao kipi, na muhtasari wa kikao hicho uko wapi? Nimewaomba waratibu watoe nakala za kutosha.